Kisima Namba Saba Kimefungwa

Njiti zilikuwa kumi na moja. Inspekta alizimimina kutoka kwenye bahasha, akazipanga juu ya karatasi nyeupe kama mtu anayepanga vijiko kabla ya wageni. Zote zilikuwa zimeungua vichwa tu. Sehemu ya chini ilikuwa nzima, haikuguswa na moto.

"Njiti mbovu," alisema Koplo kutoka dirishani. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na alikuwa akila karanga. "Viberiti vya siku hizi, Afande, unamaliza boksi zima hujachemsha chai."

Inspekta alichukua boksi lenyewe, lililookotwa sakafuni pamoja na njiti hizo. Akatoa ya kumi na mbili, akaiwasha. Iliwaka vizuri. Aliishika mpaka moto ukakaribia kucha zake, kisha akaupuliza.

"Si mbovu," alisema.

Siku tatu zilizopita, saa nane mchana, mlinzi wa kisima namba saba alikutwa amelala kifudifudi kibandani kwake, karibu na jiko la mafuta ya taa. Watu walimwita Mzee Redio kwa sababu hakuwa akiizima redio yake hata akiwa anaongea na wewe. Walipomkuta, redio ilikuwa bado inasoma bei za mbegu. Hakuwa na jeraha. Pembeni mwa ukuta kulikuwa na mijusi minne, mikavu, tumbo juu.

Daktari aliandika: kukosa hewa. Afisa usalama wa mradi aliandika: moshi wa jenereta. Karatasi ya tatu, ya polisi, nayo ikiwa imeshachapwa jenereta, ilikuwa mbele ya Inspekta, na mahali pa saini palikuwa patupu.

Alinyanyua simu.

"Daktari, mtu akiuawa na moshi wa jenereta, damu yake inakuwaje?"

"Nyekundu. Nyekundu ya kung'aa, kama rangi mpya ya geti."

"Na ya Mzee Redio?"

"Nyeusi nyeusi."

"Mbona hukuandika?"

"Hukuniuliza rangi, Afande. Uliniuliza amekufa kwa nini."

Inspekta aliirudisha simu. "Tangi la jenereta lilikuwa limejaa mpaka kwenye kifuniko," alisema. "Haikuwashwa. Na ingewashwa, moshi wake unaua mtu lakini hauzimi kiberiti. Mzee alitaka kuwasha jiko. Jiko liko chini. Kila alipoinama na njiti, ilizimika. Akajaribu mara kumi na moja."

"Mzee alikuwa mbishi."

"Kitu kilichojaa pale chini ni kizito kuliko hewa, hakina moshi, na kinazima moto."

Koplo aliacha kutafuna. Hakuhitaji kuambiwa jina. Mji mzima ulikuwa ukijua kwamba kiwanda cha saruji hakitoi tena moshi wake wote angani. Hewa ukaa ilikamatwa kwenye bomba la moshi, ikabanwa, ikasukumwa kilomita ishirini, ikashindiliwa ndani ya mwamba, mita elfu moja na mia moja chini ya ardhi. Kwenye mabango waliandika kwamba itakaa huko milele. Tangu kifo cha mlinzi pampu zilikuwa zimezimwa, kama taratibu zinavyotaka, na zingewashwa leo saa kumi jioni, isipokuwa polisi waseme vinginevyo.

"Hakimu yuko safarini mpaka kesho," alisema Koplo. "Bila yeye huna amri ya kusimamisha pampu. Na bosi wetu kasema ulete sababu kabla ya saa kumi au usaini jenereta."

"Nimesikia."

"Kuna hili hujasikia. Mjane amepewa kazi ya marehemu. Ameanza asubuhi. Wamemwambia akiiacha, nyumba ya kampuni anaiacha pia. Yuko kibandani sasa hivi, Afande. Amekalia kiti cha mumewe."

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Saa tano na robo. Alizirudisha njiti kwenye bahasha, akaifunga, akaandika namba juu yake.

*

Ofisi ya Ulinganishaji ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Ukuta mzima ulikuwa ramani. Viwanda vilikuwa vidoti vyekundu. Miamba ya kuhifadhia, mabaka ya buluu. Kutoka kila kidoti uzi mweupe ulivutwa hadi kwenye baka moja. Aliyezivuta nyuzi hizo alikuwa mwanajiolojia mwembamba mwenye miwani, na wenzake wote walimwita Mshenga.

"Ndiyo kazi yenyewe," alisema, akicheka kidogo, kama mtu aliyekwisha kuusema utani huo mara mia. "Huyu hapa bwana harusi. Anatoa tani laki tatu kwa mwaka. Huyu bibi harusi, mwamba wa mchanga, una vinyweleo vya kutosha kupokea tani hizo kwa miaka thelathini. Mimi naangalia umbali, kina, kifuniko. Wakiendana, naandika 'imelingana' kwenye mfumo, na pampu zinafunguka. Wasipoendana, naandika 'haijalingana', pampu hazigeuki hata kwa nyundo."

"Ni wewe tu unayeandika?"

"Ni mimi tu. Posa haina washenga wawili."

Simu yake ikalia. Alisikiliza, akatoa kalamu, akaandika tarakimu tano kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, akakata. Kiganja hicho kilikuwa tayari na wino wa zamani uliofifia.

"Daftari huna?" aliuliza Inspekta.

"Daftari hupotea. Mkono haupotei."

"Hewa ukaa inaweza kupanda kutoka kwenye mwamba mpaka kibandani kwa Mzee Redio?"

"Haiwezi. Juu ya mwamba kuna udongo wa mfinyanzi, mita tisini. Hicho ndicho kifuniko. Hakipitishi hata mawazo."

"Kikiwa na tundu?"

Mshenga aligeuza kompyuta. "Matundu yapo thelathini na moja. Visima vya waliotafuta mafuta zamani, wakakosa, wakaondoka. Usingewezekana mradi wowote kama vingekuwa wazi. Tazama safu ya kumi na mbili. Hali ya kisima."

Inspekta aliisoma safu kutoka juu hadi chini. Kimefungwa. Kimefungwa. Kimefungwa. Mara thelathini na moja.

"Ukibonyeza hapa, fomu inakupa maneno gani?"

"Mawili. Wazi, au kimefungwa."

"Hakuna la tatu?"

"La tatu la nini?"

Inspekta alisogeza kiti. "Mzee Redio aliwahi kupiga simu hapa?"

"Walinzi wengi hupiga. Betri imeisha, viatu vimechanika."

"Nipe daftari la simu."

Lilikuwepo, kwa karani wa mapokezi, mama mnene aliyekuwa akisuka kikapu cha plastiki chini ya meza. Simu hiyo ilikuwa kurasa tatu nyuma, kwa mwandiko wake safi: *Mlinzi wa namba saba. Mijusi inakufa kibandani, na kichwa kinamuuma akiinama. Jibu: kisima kimefungwa, asiwe na wasiwasi.* Pembeni, herufi mbili za aliyetoa jibu. Inspekta alilibeba daftari hadi kwa Mshenga, akaliweka juu ya kibodi.

"Ni saini yako?"

"Ni yangu. Nilitazama jedwali, nikajibu kilichomo."

"Kama kisima kimefungwa, mlinzi alikuwa analinda nini?"

"Wezi. Watu wanaiba vyuma."

"Vyuma gani?"

"Mfuniko. Kichwa cha..." Mshenga alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Vyuma vya kawaida."

"Nani alivichimba visima hivyo?"

"Kampuni ilishafilisika. Fundi mkuu wao alikuwa mzee mmoja, Mzee Grisi. Sijawahi kukutana naye. Nasikia alikufa."

Inspekta alishukuru, akatoka. Mapokezini aliinama kwa yule karani. "Mama, Mzee Grisi alikufa lini?"

"Grisi? Alikufa?" Karani aliacha kusuka. "Jumamosi nilimwona kwa kinyozi anagombania zamu! Nyumba yake iko nyuma ya stoo ya mbao, geti la kijani. Akifa bila kuniaga tutakosana."

*

Mzee Grisi alikuwa amekaa juu ya debe uani, akifungua pampu ya maji ya jirani. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Saa yake ya mkononi, iliyofungwa kwa waya, ilisema saa nane kasoro dakika tano.

"Polisi," alisema alipoona sare ya Koplo. "Kama ni kuhusu kelele, mwenye kelele ni huyu jogoo."

"Ni kuhusu kisima namba saba, mzee," alisema Inspekta.

"Hicho! Tulikaa nacho miezi mitano. Mita elfu moja na mia mbili, hata tone la mafuta ya kupaka kichwani hatukupata."

"Kwa hiyo kilipita kwenye kifuniko cha mfinyanzi."

"Kilipita, mwanangu. Kilikitoboa kama sindano kwenye kanga."

"Halafu mkakifunga."

"Tukakifunga."

Inspekta alikuwa amekwisha kuandika neno hilo kwenye daftari lake. Kalamu ilisimama. Aliinua kichwa.

"Mlikifunga kwa kitu gani?"

"Kwa kufuli," alisema Mzee Grisi.

Koplo aligeuka kumtazama. Mzee aliendelea kulegeza nati.

"Tuliweka mfuniko wa chuma, bolti nane, na kufuli juu yake. Ufunguo wake mpaka leo ninao, uko kwenye kopo la misumari. Ungetaka nikufungie kwa nini, kamba?"

"Kwa saruji. Kutoka chini mpaka juu."

"Hiyo si kufunga, hiyo ni kuziba!" Sauti ilipanda, jogoo akakimbia. "Mbona mnachanganya mambo? Duka likifungwa saa mbili usiku, mwenye duka amelijaza zege? Visima ishirini na viwili tulivizibaaa, vizuri kabisa, vikakatwa, vikafukiwa, leo watu wanapanda mahindi juu yake. Tisa vya mwisho saruji iliisha na kampuni ikaisha. Tukafunga. Kwenye ripoti niliandika kwa mkono wangu: hivi vimezibwa, hivi vimefungwa. Maneno mawili, kazi mbili. Na wewe si wa kwanza kuniuliza."

"Nani mwingine?"

"Kijana wa miwani, mwaka jana, alikaa hapo hapo uliposimama. Mpole, ana adabu, aliniletea sukari. Akauliza hivyo hivyo, mlifunga kwa kitu gani. Nikamwambia kufuli. Akataka namba za vile tisa, nikamtajia."

"Akaziandika wapi?"

"Hicho ndicho kilinichekesha. Mtu msomi, ana mkoba wa ngozi, anaandika kwenye kiganja kama mtoto anayeibia mtihani."

Inspekta alifunga daftari. "Koplo, chukua gari, nenda kisimani. Mtoe yule mama. Mimi nitapata teksi."

"Akikataa?"

"Usirudi bila yeye."

"Na ule ufunguo?" aliuliza Koplo. Mzee Grisi alikwishaanza kupekua kopo.

"Ufunguo niachie mimi," alisema Inspekta. Aliutia kwenye bahasha yake, akaandika namba juu yake.

*

Saa tisa na dakika thelathini na tano Mshenga alikuwa peke yake ofisini. Inspekta alifunga mlango, akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Mzee Grisi mzima," alisema. "Anakusalimia. Anasema asante kwa sukari."

Nje, mtu wa duka la vioo alikuwa akikata kioo. Mlio ulipanda, ukakatika, ukapanda tena.

"Ripoti ya zamani ilikuwa na maneno mawili," alisema Inspekta. "Fomu yako, kwa kisima kisicho wazi, ilikuwa na moja. Hilo lingekuwa kosa la fomu, na ningekuandika shahidi, kama hukujua. Lakini ulikwenda ukauliza, na ukaambiwa. Leo asubuhi ukaniambia mzee amekufa. Mtu hamuui mzee aliye hai kwa sababu ya fomu."

"Ningefanya nini?" Sauti yake haikupanda. "Mwamba mwingine wenye ukubwa huo uko kilomita mia moja na arobaini. Kiwanda kilikuwa na miezi miwili kupata mwamba au kisimamishwe. Watu mia nane wanafanya kazi pale. Fomu iliniuliza: wazi, au kimefungwa? Havikuwa wazi. Nilibonyeza lililobaki. Sikuandika uongo hata neno moja."

"Na Mzee Redio alipopiga?"

"Nikamjibu ukweli ule ule."

Saa ya kompyuta ilisema dakika kumi na tisa kabla ya saa kumi.

"Badilisha hali," alisema Inspekta.

"Nikiandika haijalingana, mfumo unauliza sababu. Nikiandika sababu, nimejifunga mwenyewe."

"Usipoandika, mjane atakuwa kibandani pampu zikiwaka."

"Mtoeni! Ninyi ni polisi."

Simu ya Inspekta ililia. Aliiweka mezani, akaifungulia sauti. Alikuwa Koplo, na nyuma yake redio ilikuwa ikisoma bei.

"Amekataa, Afande. Anasema aliyemweka ni ofisi, na wa kumtoa ni ofisi. Akitoka kwa neno la polisi, kesho wanamwambia aliacha lindo, nyumba imekwenda. Nimemwambia nitambeba. Ananitazama magoti yangu tu."

"Umekaa wapi?"

"Kwenye kitanda. Kiti ni kimoja. Nimemwambia, mama, usipotoka sitoki, na mimi nina miezi minne tu nipumzike. Anasema basi tutapumzika wote."

"Mpe simu."

Palikuwa na mkwaruzo, kisha pumzi.

"Haloo," ilisema sauti ya mwanamke. Ilikuwa sauti bapa, bila kupanda wala kushuka. "Nani huyo?"

Inspekta aliisukuma simu kwa kidole kimoja mpaka ikagusa mkono wa Mshenga.

"Ni... ni ofisi, mama," alisema Mshenga. "Ofisi ya Ulinganishaji. Unaruhusiwa kutoka. Nenda juu, kwenye barabara. Nyumba haitaguswa."

"Kwa nini nitoke?"

"Kwa usalama."

"Mwenzangu aliwapigia kuhusu usalama. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, nakatakata vitunguu. Sauti iliyomjibu ilikuwa kama yako."

Mkata kioo chini alikuwa amenyamaza.

"Ilikuwa yangu," alisema Mshenga.

"Ulimwambia kisima kimefungwa."

"Ndiyo."

"Alikata simu akaniambia, wasomi wamesema kimefungwa, acha kunisumbua na mijusi yako. Mimi ndiye niliyemsumbua mpaka akapiga." Alikohoa kidogo. "Sasa wewe niambie. Kimefanywa nini?"

Mshenga alimtazama Inspekta. Inspekta alikuwa akitazama skrini. Dakika kumi na mbili.

"Kimewekwa kufuli, mama. Chini hakuna kitu. Hakikuzibwa."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Upande wa pili redio ilizimwa.

"Basi zuia hayo mapampu yenu yasiwashwe," alisema mjane. "Ukishazuia, nitatoka. Mimi sitangulii. Mwenzangu alitangulia kuwaamini."

"Mama, toka kwanza, hili linaweza kuchukua..."

"Nimekaa."

Ikasikika sauti ya Koplo kwa mbali: "Na mimi nimekaa, bwana mkubwa. Fanya hima."

Mshenga alivuta kibodi. Alifungua jedwali la kiwanda cha saruji, akashuka hadi mstari wa mwisho. Kwenye kisanduku cha hali alifuta neno moja, akaandika jingine. Mfumo ukauliza sababu. Vidole vyake vilikaa juu ya herufi muda mrefu kiasi cha Inspekta kuhesabu mapigo ishirini ya mshale wa skrini.

"Andika maneno yale yale uliyomwambia," alisema Inspekta.

Akaandika. *Visima tisa havijazibwa. Vina kufuli tu. Taarifa hii ilijulikana kabla ya ulinganishaji.* Akabonyeza. Skrini ikawa nyeupe, kisha mstari ukarudi ukiwa mwekundu.

"Soma," alisema mjane. "Nisikie."

"Haijalingana," alisoma Mshenga. "Pampu zimezuiwa. Saa tisa na dakika hamsini na mbili."

Kiti kiliburutwa sakafuni. Hatua. Bawaba. Kisha upepo ukavuma kwenye simu, na sauti ya Koplo akihema.

"Ametoka, Afande. Anapanda kilima. Amenipita mimi."

"Mpeleke kwa ndugu zake. Kibandani asirudi mtu."

"Hata kama pampu hazitawashwa?"

Inspekta alimwachia Mshenga swali hilo kwa macho.

"Iliyoingia imeshaingia," alisema Mshenga taratibu. "Presha iko kule chini. Itatafuta njia mwezi mzima, labda miwili."

Koplo akakata. Inspekta alitoa karatasi ya polisi, akapiga juu ya neno jenereta mstari mmoja mnyoofu, akaweka tarehe na saini yake. Akatoa pingu, akaziweka mezani, hakuzifungua.

"Visima tisa," alisema. "Tumetoa mtu kwenye kimoja. Vinane vilivyobaki vina walinzi?"

"Vyote."

"Wanalala humo humo?"

"Na familia zao, baadhi."

"Namba zao unazo?"

Mshenga alifungua droo, akatoa orodha iliyochapwa, iliyokunjwa mara mbili.

"Wapigie," alisema Inspekta. "Mmoja mmoja. Jina lako kwanza, halafu uliyoyafanya, halafu uwaambie watoke."

"Kila mmoja?"

"Kila mmoja."

Akamsogezea simu ya mezani. Mshenga aliinyanyua, akabonyeza namba ya kwanza, akasubiri. Iliita muda mrefu. Kisha mtoto akapokea, akauliza, "Nani mwenzangu?"